Nani Atamlinda Ajuza wa Marani?

Sisi tuliodai mfumo wa vyama vingi tulifunzwa na matukio kumwogopa polisi. Mwaka 1990 George Anyona, mwana wa Kitutu Masaba huko Nyamira, alikamatwa, na mwaka uliofuata akafungwa kwa kosa la uchochezi. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, askari waliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi, wakarusha gesi ya kutoza machozi na kuwapiga waliokuwamo. Mchungaji Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliojeruhiwa. Kwa hiyo tuliiambia Serikali neno moja: weka rungu chini. Neno hilo lilikuwa la haki, na lingali la haki. Lakini halitoshi.

Halitoshi kwa sababu mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto hadi kufa kwa shutuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, katika kijiji cha Nyagonyi, Marani, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa shutuma iyo hiyo. Hao hawakuuawa na askari. Waliuawa na raia wenzao, na sheria haikuwahi kuwaokoa. Ndugu msomaji, dola humdhulumu raia kwa njia mbili: askari anapokuja asikotakiwa, na askari anapokosa kufika anakohitajika.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wa Gusii wana njia yao ya kujilinda. Njia hiyo tumeiona. Vijana wa Sungusungu walipokewa vizuri mjini na vijijini kwa sababu watu walikuwa wamechoshwa na wezi, wala hawakuwa na imani na kituo cha polisi. Punde si punde walinzi wakageuka kuwa waendesha mashtaka, mahakimu na wanyongaji kwa wakati mmoja. Machi 2002 Serikali ilipiga marufuku makundi 18, Sungusungu likiwa mojawapo. Marufuku hiyo haikurejesha imani kwa polisi. Na pasipo imani hiyo umati hujiona una haki ya kuhukumu.

Sheria inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, humpa kila mshtakiwa haki ya kusikilizwa, na katika kifungu cha 57 huwahakikishia wazee maisha ya heshima yasiyo na dhuluma. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, tuliyoachiwa na mkoloni, hukataza kumshutumu mtu kuwa mchawi, lakini haimgusi anayepeleka shutuma hiyo kwa polisi au kwa chifu. Hivyo sheria yenyewe huufungulia uvumi mlango wa ofisi ya umma. Mwanya huo Bunge liuzibe.

Na Kanisa je? Gusii ni nchi ya Wasabato na Wakatoliki. Hatuwezi kuamini kwamba katika umati ule hapakuwa na hata mmoja aliyepata kuketi kanisani akaimba pamoja nasi. Mimbari iliyothubutu kumkemea Rais wakati wa chama kimoja haina udhuru wa kuogopa kumkemea jirani anayetamani shamba la mjane, kisha akamwita mchawi.

Twapendekeza basi kila kanisa, Kisii na Nyamira, liteue watu wa kumpokea aliyeshutumiwa usiku ule ule uvumi unapoanza. Wamjulishe mkuu wa kituo cha polisi kwa maandishi, wabaki na nakala yenye muhuri, ili kesho asiseme hakujua. Akipuuza, shauri lipelekwe kwa IPOA, mamlaka ya kutathmini utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Tulidai haki ya kukusanyika bila kupigwa. Sasa tudai, kwa sauti ile ile, haki ya ajuza kulala nyumbani mwake bila kuchomwa.