Pikipiki ya umeme ije Kindu, lakini ije na mrithi wa bido

Mkaaji wa Kindu akitaka kujua kama wamotari watakuwa na siku nzuri, haendi kuuliza kwenye kituo cha mafuta. Anaangalia chupa na mabido ya kadhafi kando ya barabara. Yakiwa mengi, bei ya safari inabaki ile ya jana. Yakipungua, bei inapanda kabla ya saa sita, na mama mwenye gunia lake la muhogo anarudi nyumbani kwa mguu ao kwa toleka.

Esansi hiyo imesafiri sana kabla ya kufika. Nyingine inakuja kwa reli kutoka upande wa Kalemie na Lubumbashi, siku treni ikiweza kutembea. Nyingine inatoka Kisangani, inashuka Ubundu na kupanda mto mpaka Kindu. Bidhaa nyingi zilikuwa zinakuja pia kwa ndege kutoka Goma, mpaka uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji. Kila kituo cha njiani kinaongeza kitu juu ya bei, na mtu wa mwisho kulipa ni abiria wa Kasuku, wa Mikelenge ama wa Alunguli.

Kwa hiyo mtu wa Kindu ana sababu nzuri kuliko wengi ya kutamani chombo kisichohitaji esansi. Na vyombo hivyo haviko mbali. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwapa wamotari pikipiki za umeme na vituo vya kubadilisha batri, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya inayoandikishwa kwa kubeba abiria katika mji ule inapaswa kuwa ya umeme. Nairobi ina pikipiki za Roam, na mabasi ya BasiGo yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Ethiopia ilikataza mwaka 2024 kuingiza magari madogo ya esansi na mazutu. Wimbi hili litafika Maniema, hata kama litachelewa kama vitu vingine.

Kabla halijafika, inafaa kuangalia jambo moja ambalo wauzaji hawapendi kulizungumzia: vitu ambavyo madereva waliohamia umeme wanavikosa kutoka kwa chombo chao cha zamani. Ulaya na Marekani mazungumzo hayo mara nyingi yanachukuliwa kama majuto ya watu wanaopenda kelele. Kindu ni jambo lingine. Hapa, vitu vingi vinavyokosekana ndivyo vinavyomlisha motari.

Mlio, kwanza. Dereva wa siku nyingi anaendesha kwa sikio. Anajua kwa sauti kama mzigo umezidi, kama oili imeisha, kama cheni imelegea. Pikipiki ya umeme inanyamaza, na hasara haiko kwa dereva peke yake. Katika mji ambao barabara nyingi hazina taa usiku, na watoto, mbuzi, toleka na watembea kwa mguu wanagawana njia moja, mlio wa injini ni onyo la bure. Jumuiya ya Ulaya iliona hatari hiyo ikatoa sheria: tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa huko linapaswa kutoa sauti linapotembea polepole. Sheria hiyo ni ya magari, pikipiki haimo. Serikali ya jimbo la Maniema inaweza kuidai kwa pikipiki bila kungoja mtu wa Ulaya afikirie.

Vitesi navyo vinakumbukwa. Mtu aliyezoea kushuka mlima akishikiliwa na vitesi ya kwanza anajisikia mtupu kwenye chombo kisicho na ambreyaji. Lakini hapa umeme hauna deni kubwa. Mota yenyewe inaweza kuvuta breki na kurudisha nguvu kidogo ndani ya batri, na kwenye matope nguvu yake inatoka mara moja, bila kungoja injini ipande. Hyundai imefikia hatua ya kuweka vitesi vya uongo na mlio wa uongo kwenye gari lake Ioniq 5 N ili kuwafurahisha wateja. Wamotari wa Kindu wanaweza kuishi bila mchezo huo.

Kiki ni habari nyingine. Pikipiki ya esansi yenye batri iliyokufa inawashwa kwa kiki, ao kwa kusukumwa na vijana wawili kwenye mteremko. Ya umeme ikiisha imeisha. Hata ikisukumwa mpaka jioni haiwaki. Na magari mengi ya umeme yana kitabu kinachokataza kuyavuta kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakigusa chini. Mtu aliyewahi kuona gari likivutwa kutoka shimoni kwenye barabara ya Kasongo anaelewa maana ya katazo hilo.

Halafu kuna fundi. Kila kona ya Kindu ina kijana aliyekaa chini ya mti ao chini ya baraka, na spana tano na mkebe wa esansi chafu. Anafungua karburateri, anasafisha buji kwa kipande cha msasa, anachonga kipande cha chuma mpaka kifanane na piesi isiyopatikana. Hakusoma shule ya ufundi. Alijifunza kwa kuangalia. Watu wanaomdharau hawajahesabu ni pikipiki ngapi za mji zinatembea kwa sababu yake.

Chombo cha umeme kinamnyang'anya nusu ya kazi hiyo, na kwa upande mmoja ni habari njema kwa mwenye pikipiki: hakuna oili ya kubadilisha, hakuna buji, hakuna pistoni. Ubaya unaanza siku kontroleri inapoungua. Kontroleri ni sanduku dogo lililofungwa, ndani yake mna programu, na kwa aina nyingi ni kampuni iliyoliuza peke yake yenye kifaa cha kulisoma. Matairi, breki, cheni na taa vitabaki kwa kijana wa chini ya mti. Lakini kwa ugonjwa mkubwa atakunja mikono, na pikipiki itangoja piesi ambayo itasafiri njia ileile ya esansi, ila polepole zaidi, sababu hakuna kadhafi wa kontroleri.

Na kontroleri ile ina kitu cha nyumbani ndani yake. Vipande vyote vya elektroniki vinashikamanishwa kwa bati, na bati ni madini ambayo Kalima na Punia zimeyatoa tangu wakati wa Wabelgiji. Watu wanapenda kusema kwamba batri za dunia zinatoka Kongo, na ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa katika inchi hii. Ila batri nyingi za pikipiki siku hizi hazina kobalti kabisa. Sehemu ya Maniema iko mahali pengine, kwenye tone la bati ambalo hakuna mtu analitaja.

Bido ndiyo inayobeba uzito wa jambo lote. Lita 1 ya esansi ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, na inampeleka motari wa Boxer ao TVS kilometa 40 na zaidi. Bido ya lita 5 haifiki kilo 4. Inafungwa nyuma kwa mpira, na motari anaondoka Kindu kwenda Kibombo ao Kailo akijua kwamba nguvu ya kurudi nyumbani iko mgongoni kwake. Ikipungua ataongeza kijijini, kwa mtu mwenye chupa mbili mbele ya nyumba. Hakuna serikali iliyopanga mtandao huo, wala kampuni. Ulijengwa na watu, chupa kwa chupa, mpaka unafika mahali ambapo nguzo ya umeme haijawahi kusimama.

Batri ya pikipiki ya umeme ina uzito wa kama kilo 20, na barabara ikiwa nzuri inatembea kilometa 70 ao 80. Kutoka Kindu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 200. Motari atahitaji batri tatu, kilo 60, na mahali pa abiria pamekwisha. Kwenye matope hesabu inakuwa mbaya zaidi. Na batri tupu haijazwi kwa dakika mbili kwa kumimina. Inataka masaa na inataka umeme, katika inchi ambapo karibu mtu mmoja tu kwa watano anao.

Kindu haina mtandao wa umeme wa kutegemea kwa kazi kama hiyo. Nyumba nyingi zinaishi kwa pano za jua na jenereta ndogo. Hapa kuna mtego ambao mnunuzi anapaswa kuuona mapema. Jenereta ndogo inakunywa kama nusu lita ya esansi, pengine zaidi, ili kutoa kilowati-saa moja. Batri ya kilowati-saa 3 itakunywa lita 1 na nusu ao 2, na itatembea kilometa zilezile ambazo pikipiki ya zamani ingetembea na mafuta hayo. Mtu anayechaji pikipiki kwa jenereta hajaacha esansi. Anaichoma pembeni, na juu yake anadaiwa bei ya batri.

Inchi hii imeshaona umeme ukisimama njiani. Reli kati ya Lubumbashi na Kamina iliwekewa nyaya za umeme tangu miaka ya 1950, wakati inchi nyingi za Afrika hazikuwa na hata kilometa moja ya namna hiyo. Nyaya ziliishia kule kwenye shaba. Kutoka Kamina kuja Kabalo, Kongolo na Kindu, treni imebaki ya mazutu mpaka leo. Teknolojia ilifika mahali ambapo kulikuwa na mwenye faida ya kuileta.

Jua, ndiyo, linaweza kufanya kazi. Pano tatu za wati 300, kwa siku yenye saa nne ao tano za jua zuri, zinatoa kama kilowati-saa 4: zinatosha kujaza batri moja, na kidogo inabaki. Motari anayezunguka mjini siku nzima atahitaji batri ya pili inayochajiwa wakati ya kwanza iko kazini. Ni gharama, lakini ni hesabu ambayo chama cha wamotari, parokia ao kopa ya wafanyabiashara inaweza kuifanya pamoja. Kindu yenyewe, kutoka uwanja wa ndege mpaka bandari, haizidi nguvu ya batri moja. Kwa kazi ya mjini pikipiki ya umeme ina nafasi ya kweli, na esansi itakayookolewa mjini itabaki kwa wale wanaokwenda mbali.

Kuna kitu kingine kinachokosekana na kisichoonekana kwa macho, nacho ni umiliki. Pikipiki ya esansi, ikishalipwa, ni mali kamili. Inauzwa Kasongo, inawekwa rehani, inarithiwa na mtoto. Katika mpango wa kubadilisha batri, kama ule wa Kigali, motari ana fremu na magurudumu. Batri ni ya kampuni, na bila batri ile hana chombo. Kampuni nyingi zinaweza pia kuizima pikipiki kutoka mbali deni likichelewa. Kigali mpango unakwenda kwa sababu mji una umeme, vituo viko karibu, na kuna zaidi ya mlango mmoja wa kugonga. Mahali ambapo muuzaji ni mmoja na ndege ni moja kwa wiki, motari atakuwa ametoka kwenye mikono ya kadhafi arobaini na kuingia kwenye mkono wa mtu mmoja.

Kwa hiyo kazi ya serikali ya jimbo, na ya wabunge wa Maniema, inaanza kabla pikipiki ya kwanza haijashuka. Anayetaka kuuza hapa akubali plagi na batri ambazo muuzaji mwingine pia anaweza kutumia. Aache kontroleri na batri za akiba katika Kindu. Awafundishe vijana wa chini ya miti na kuwapa kifaa cha kusoma kontroleri, si kuwaonyesha tu kwa sherehe ya siku moja. Aonyeshe mahali pa kuchaji panapotumia jua, kwenye kingo zote mbili za mto, sababu motari wa Alunguli hawezi kuvusha batri kwa mtumbwi kila siku ili kutafuta umeme Kasuku. Vyama vya wamotari visitie sahihi mahali popote kabla ya kusoma mstari unaosema batri ni ya nani na nani anaweza kuizima. Hata chombo chenyewe kijaribiwe msimu wa mvua, si Julai.

Na muuzaji aulizwe jambo moja mbele ya watu: batri ikiisha njiani kutoka Kibombo saa kumi jioni, abiria akiwa mgonjwa anayepelekwa hospitalini Kindu, motari anafanya nini? Kwa sasa jibu la swali hilo liko nyuma ya kiti, limefungwa kwa mpira.