Hadithi ya Barkhad Abdi Mmetupa Nusu

Leo naandika na hasira kidogo, mnisamehe mapema.

Jumamosi iliyopita nilikuwa hapa Buwenge kwenye kibanda cha video, kile kiko nyuma ya mahali malori ya miwa yanalala. Nililipa shilingi 1,000, nikakaa kwenye benchi. Sinema ilikuwa Captain Phillips ya mwaka 2013, VJ anaitafsiri kwa Kiganda juu ya sauti ya wazungu, vile mnajua. Ikafika pale jamaa mwembamba Msomali anaingia na bunduki kwenye chumba cha nahodha, anamwambia Tom Hanks kwamba kuanzia sasa nahodha ni yeye. Kibanda kizima kikapiga kelele. Kijana jirani yangu akaniambia: "Huyu ni mwizi wa kweli, walimtoa jela wakamwekea kamera." Nikamwambia hapana, huyu ni mwigizaji, anaitwa Barkhad Abdi, na alikimbia vita kama mimi. Akacheka. Hakuniamini.

Mimi jina hilo nilikuwa nalijua kutoka kambini. Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, tulikuwa tumepangwa kwenye viti vya plastiki. Mwezeshaji akaonyesha picha ya Barkhad ukutani, amevaa suti nyeusi, akasema: "Huyu alikuwa kama nyinyi. Alipambana. Na wewe ukipambana utafika." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa ndiye mtu wa kujitolea niliyebeba projekta.

Tangu siku hiyo nimesoma maisha ya huyu mtu mpaka nimechoka. Na ninachosema leo ni hiki: hadithi yake mmetupa nusu, na nusu mliyoificha ndiyo tunayoihitaji.

Tuanze na ile nusu mnayoipenda, kwa sababu ni ya kweli. Barkhad alizaliwa Mogadishu mwaka 1985. Vita vilipoanza alikuwa mtoto bado, familia ikakimbilia Yemen. Mwaka 1999, akiwa na miaka 14, wakafika Marekani, wakakaa Minneapolis, mji wenye Wasomali wengi kuliko karibu mji wowote wa kule. Akakua hapo. Akauza simu kwenye duka la kaka yake, akawa dereva wa magari ya kifahari ya kukodi. Kuigiza hakuwahi.

Mwaka 2011 likatoka tangazo kwamba wanatafutwa Wasomali wa kuigiza. Walijitokeza watu zaidi ya 700 kwenye jengo la jamii katika mtaa wao. Barkhad akapita, pamoja na wenzake watatu kutoka mji huohuo. Wakapelekwa kufundishwa kuogelea na kuendesha boti ndogo kwenye mawimbi. Mwelekezi Paul Greengrass hakuwakutanisha na Tom Hanks kabla, alitaka siku ya kuingia chumba cha nahodha ndiyo iwe mara ya kwanza waonane, ili hofu iwe ya kweli. Na yale maneno ya kumwambia mwenzake nahodha ni mimi, ambayo leo dunia nzima inayatania kwenye simu, Barkhad aliyatoa kichwani mwake. Hayakuwa yameandikwa.

Februari 2014 akashinda tuzo ya BAFTA kule London kama mwigizaji msaidizi bora. Akateuliwa kuwania Oscar, wakati Tom Hanks mwenyewe hakuteuliwa kwa sinema hiyohiyo. Usiku wa Oscar, 2 Machi 2014, tuzo yake ikaenda kwa Jared Leto. Usiku huohuo dada yetu Lupita Nyong'o wa Kenya akabeba ya kwake. Basi hapo mwezeshaji anazima projekta, tunapewa soda, tunaenda nyumbani.

Sasa mimi nawasha tena.

Sinema ile iliingiza zaidi ya dola milioni 218 duniani. Barkhad alilipwa dola 65,000. Piga hesabu na mimi: kwa kila shilingi 10,000 zilizoingia mlangoni, yeye alipata shilingi 3. Tatu! Hata pipi moja hapa Buwenge hununui. Najua sinema ina gharama zake, na pesa ya mlangoni haiendi yote mfukoni kwa mtu mmoja. Lakini shilingi 3 ni shilingi 3.

Na baada ya kupiga picha za sinema alirudi wapi? Alirudi dukani kwa kaka yake kuuza simu. Sinema ikatoka, uso wake ukajaa kila mahali, na mwaka 2014 magazeti ya Marekani yakaandika kwamba huyu mtu aliyeteuliwa Oscar hana pesa, nguo za kuvaa kwenye sherehe anaazimwa. Wewe uliyemwonyesha ukutani amevaa suti, ulituambia suti ni ya nani?

Sisemi alishindwa. Aliendelea kufanya kazi, na kazi nzuri. Mwaka 2015 alikuwa kwenye Eye in the Sky, ile inayotuonyesha Eastleigh ya Nairobi. Humo anaigiza mtu anayejasusi magaidi na kujaribu kumwokoa msichana anayeuza mkate. Mwaka 2017 yuko kwenye Good Time kama askari wa kulinda usiku, na kwenye Blade Runner 2049 pia. Hayo yote ni heshima. Lakini mkitaka kutufundisha kitu kutoka kwa mtu, tufundisheni kwa hesabu yake yote.

Tena kuna wale 700. Wanne walichukuliwa. Waliobaki karibu 700 hawakupambana? Walipanga foleni ileile, wengine pengine na kipaji kilekile. Waliobaki hatuwaoni ukutani 20 Juni. Kumwambia kijana "ukipambana utafika" ni kuwaambia hawa wote kwamba wamekosa kwa sababu ya uvivu. Ndiyo maneno hayohayo mnatuambia tukikosa kazi, tukikosa karo, tukikosa jina kwenye orodha ya kuhamishwa nchi ya tatu. Kwa mwaka, wakimbizi wanaohamishwa hawafiki hata mmoja kati ya mia duniani kote. Na Marekani yenyewe ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025. Hapo kijana apambane na nani? Na mlango?

Sasa niwaambie jambo lililonikosesha usingizi. Meli ile ilikuwa ya kweli, ikiitwa Maersk Alabama. Ilivamiwa tarehe 8 Aprili 2009 ikielekea Mombasa. Mnajua ilibeba nini? Ndani yake kulikuwa na tani 5,000 hivi za msaada kwa ajili ya Somalia, Kenya na Uganda. Uganda! Mwaka 2009 mimi nilikuwa na miaka kumi, tumefika Nakivale kutoka Rutshuru mwaka mmoja tu nyuma, mama anapanga foleni na kadi ya chakula. Sisemi gunia letu lilikuwa kwenye meli ile. Nasema tulikuwa kwenye hadithi ile tangu mwanzo, na hakuna aliyetuambia. Kwenye kibanda tulikuwa tunashangilia watu wanaoteka chakula cha watu kama mama yangu.

Na vijana wale wanne walioingia melini, watatu walipigwa risasi na wanajeshi wa Marekani. Wa nne, Abduwali Muse, yule ambaye Barkhad alimwigiza, alihukumiwa New York mwaka 2011 kifungo cha zaidi ya miaka 33. Wote wawili, Muse na Barkhad, ni watoto wa Somalia ileile iliyovunjika. Mmoja mlango ulifunguka akiwa na miaka 14, mwingine haukufunguka. Mimi siteti uharamia, mtu anayeshika bunduki kuteka chakula amekosa. Lakini mkiniambia tofauti ya hawa wawili ni kupambana tu, nitawaambia hamjui kuhesabu.

Sasa tuje nyumbani.

Kambini, shirika moja, jina naliacha, lilikuja kutengeneza filamu fupi juu ya vijana. Tuliigiza siku tatu. Mimi nilikuwa mtoto anayekimbia risasi, na wenzangu wawili walikuwa waasi. Dada mmoja alilia mbele ya kamera mara sita, kwa sababu mara tano za kwanza mpiga picha hakuridhika. Tulipewa nini? Fulana, soda, na chapati. Tulisaini karatasi ya Kiingereza ambayo hakuna aliyetusomea. Mwaka uliofuata rafiki yangu akaona uso wa yule dada kwenye bango la kuomba michango. Yeye mwenyewe alikuwa hajui. Alipouliza, akajibiwa kwamba alisaini.

Na sisi tunaojitolea mnajua tunavyolipwa. Haiitwi mshahara, inaitwa motisha. Unatafsiri, unabeba, unaandikisha watu, unapatanisha ugomvi kwenye bomba la maji, halafu mwisho wa mwezi unapewa motisha. Halafu tunaitwa tupige makofi kwa Barkhad.

Lingine hili. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliacha shule akiwa Senior Three. Kichwa kilikuwa kimejaa sinema. Akakutana na wakala Jinja mjini, akamwambia kuna sinema ya wazungu inatafuta sura za Kikongo, fomu ni shilingi 80,000. Kaka yangu anakata miwa hapa Buwenge, mnajua mwenyewe shilingi 80,000 ni siku ngapi za panga na jua. Alimpa. Wakala alizima simu siku ileile. Yule mdogo sasa anaona aibu kurudi darasani na watoto wadogo. Nilimuuliza kwa nini aliamini. Akanijibu: "Si wewe ulituonyesha yule Msomali?"

Ndiyo. Mimi ndiye nilibeba projekta. Kwa hiyo hasira hii kwanza ni yangu juu yangu.

Najua watu watanijibu. Watasema: wewe unataka vijana wakate tamaa. Hapana. Mimi sikatai ndoto, na nikiona Barkhad kwenye skrini moyo unaruka mpaka leo. Watasema pia: mgeni kwenye kazi yoyote analipwa kidogo, dola 65,000 mbona ni nyingi. Ni nyingi, kweli, mimi sijawahi kuiona hata moja yake. Lakini kama ndivyo biashara ilivyo, basi tufundisheni biashara. Kijana akitoka kwenye semina yenu ajue kusoma mkataba, kuliko ajue kupiga makofi.

Kwa hiyo nawaomba, na hapa sibembelezi.

Nyinyi wa mashirika: mkitupiga picha, tuleteeni karatasi kwa lugha tunayoielewa, isomwe kwa sauti, tubaki na nakala yetu. Semeni picha itaenda wapi na kwa miaka mingapi. Tukiigiza siku tatu, tulipeni siku tatu. Bajeti ya mpiga picha mnayo, ya hoteli yake mnayo, ya yule anayelia mbele ya kamera mbona mnaikosa? Na hadithi muwe mnatuuliza tunataka kuigiza nini. Kati yetu kuna fundi wa pikipiki, kuna mama wa duka, kuna mwalimu. Sio kila siku tukimbie risasi.

Na sisi vijana: mtu akikuomba pesa ili akupe kazi ya kuigiza, huyo ni mwizi, kimbia. Wale 700 wa Minneapolis waliitwa kwenye jengo la jamii, mchana, watu wazima wanaona. Shule usiache kwa ajili ya tangazo. Barkhad mwenyewe alikuwa na duka la kaka yake la kurudia, wewe utarudia wapi? Na kama unapenda kuigiza, anza na sisi. Tuna simu tatu zinazopiga picha vizuri na tuna Jumapili mchana. Tengeneza hadithi yako, uweke jina lako mwishoni, na uamue mwenyewe nani awe nahodha.

Mimi wiki ijayo narudi kile kibanda. Nimeshaongea na mwenye nacho. Atairudisha ile sinema, na ikiisha atanipa dakika kumi kabla ya mpira. Nitawasimulia hii nusu nyingine: meli, msaada, shilingi 3, na yule kijana aliyebaki jela. Mdogo wangu nimemwambia aje. Amesema ataona.

Projekta safari hii siibebi.