Pete ya Uchumba ya Kale: Ipimwe Kwanza, PIN Baadaye

Unapanga kumchumbia mtu wako, na mtandaoni umeona picha ya pete ya kale. Dhahabu, jiwe la samawati, bei poa kuliko ya dukani. Muuzaji anasema kuna mwingine anaitaka, kwa hivyo "tuma nusu nikuwekee." Ushauri wetu ni mmoja: usitume hata bob moja kabla pete hiyo haijapimwa mbele yako.

Hatusemi usinunue pete iliyovaliwa. Wakenya wengi wanaendesha magari yaliyotumika Japani na hawaoni haya, na dhahabu haiozi. Ila mnunuzi makini halipii gari kabla fundi hajafungua boneti. Pete nayo ina fundi wake, sonara. Kabla ya kumfikia, kuna mambo unayoweza kuangalia mwenyewe.

Umri. Wauzaji wa vito kwa kawaida huita kitu cha kale kikitimiza miaka 100 hivi. Pete ya 1985 imetumika tu, usilipie jina. Uliza jiwe pia. Tanzanaiti iligunduliwa Tanzania miaka ya 1960. Ukiambiwa pete ya tanzanaiti ni ya 1920, ama jiwe limebadilishwa, ama unachezwa.

Alama. Tazama upande wa ndani. 750 ni dhahabu ya karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Pete nyingi za zamani kutoka Uingereza huwa pia na alama ya mji zilikopimwa: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. 925 ni fedha, hata ikipakwa dhahabu juu. Lakini tapeli pia anaweza kugonga alama, kwa hivyo usiishie hapo.

Uzima. Vijino vinavyoshika jiwe huisha kwa kuvaliwa miaka mingi. Tikisa pete karibu na sikio. Ukisikia jiwe likicheza, hesabu gharama ya kuitengeneza. Pete yenye mawe kuzunguka kidole chote ni ngumu kubadilishwa saizi.

Halafu nenda kwa sonara uliyemtafuta wewe, si yule wa muuzaji. Aisugue kwenye jiwe la kupimia, atie tindikali, aipime kwa gramu.

Sasa tuje kwa pesa. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa imetoka kwako ikafika kwa nani. Hauwezi kukuambia kama pete ni dhahabu. Ukikosea namba na utuarifu mapema, pesa ikiwa bado ipo, tunaweza kusaidia. Lakini ukimtumia mtu uliyemchagua mwenyewe, akatoa pesa na kuzima simu, hiyo inakuwa kesi ya polisi. Akiba ya mwaka mzima imeenda, na bado hujamuuliza mtu wako lile swali.

Kuna watakaosema muuzaji naye anaogopa kupotezewa wakati. Ni kweli, na ana haki. Basi mkutane kwa sonara mchana, na gharama ya kupima ulipe wewe. Pete ikipita, lipa pale pale. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa tofauti na la muuzaji, simama kwanza umuulize. Dai risiti inayotaja karati, gramu na aina ya jiwe, na usifute ule ujumbe wa malipo.

Na muuzaji akikataa pete yake isipimwe, ameshakujibu. Mwache amuuzie yule mwingine.