JEMBE LA MGENI KATIKA BAHARI YA PAJE

Kila msimu wa kusi na wa kaskazi, pwani ya Paje, mashariki ya Unguja, hupokea wageni wa namna mbili. Wa kwanza huja kuchezea maji kwa ubao na tiara, wakivutwa na upepo juu ya bahari iliyokingwa na mwamba. Wa pili huja kujitolea: kufundisha skuli, kusafisha ufuko, kusaidia vikundi. Mara nyengine wote wawili huwa ni mtu mmoja. Asubuhi yumo darasani, alasiri yumo baharini. Hatuna ugomvi naye. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunalouliza ni hili: je, mwenyeji anapona?

Bahari ile si uwanja mtupu. Ni shamba. Tangu mwaka 1989, ulipoanza ukulima wa mwani Paje na Jambiani, akina mama huteremka kila bamvua, maji yakipwa, kupigilia vigingi na kufunga mbegu kwenye kamba. Wavuvi nao hupitisha ngalawa zao hapo hapo kuelekea nje ya mwamba. Maji yakijaa, shamba halionekani tena. Mwenye tiara huona bahari nzuri, haoni jasho lililofungwa chini yake. Kamba ikikatika, starehe imekuwa ya mmoja na hasara ya mwengine.

Hasara hiyo inamfika mkulima aliyekwisha kuelemewa. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, na mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa. Uliobaki kwa wingi ni spinosamu, ambao bei yake ni ndogo. Kotonii hustahimili zaidi katika kina kirefu, lakini huko kunataka vyombo, na kunataka kujua kuogelea. Akina mama wengi hawakupata kufundishwa kuogelea.

Hapa ndipo tunapoiona kazi ya mgeni. Wazee hao hao walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ajichagulie jembe mwenyewe. Anayefundisha skuli wiki mbili akaondoka huwaacha watoto na somo lisilokwisha. Lakini aliyeizoea bahari hata akaweza kuruka juu yake anao ujuzi ambao Paje inauhitaji. Na awafundishe kuogelea vijana wa kike wa hapo hapo, ili nao wawafundishe mama zao kwa stara wanayoiridhia. Mgeni akishaondoka, ujuzi ubaki.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, Sheha, wavuvi na wakulima wa mwani wakae pamoja waandike kazi zinazohitajika, na anayetaka kujitolea aoneshwe orodha hiyo kabla hajapewa kibali. Pili, njia za tiara zitengwe kwa maboya, mbali na mashamba na mapito ya vyombo. Tatu, kamba ikikatwa, mwenyewe alipwe papo hapo kijijini, asizungushwe ofisi kwa ofisi.

Haya hayangojei fedha nyingi. Yanangoja watendaji wetu washuke ufukweni maji yakiwa yamepwa, wakati shamba linaonekana, wala si yakiwa yamejaa.