Kapitene Alitoka Kwetu, Elimu Yake Imebaki Kwa Wengine

KANDONI MWA ZIWA
Na Mateso Baraka

Sangara anayekatwa minofu katika viwanda vya Mwanza, yule yule anayeuzwa Kisumu kwa jina la mbuta, hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Ni kapitene wetu wa Ziwa Albert. Katika miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa Uganda walimtoa Ziwa Albert wakampandikiza Kyoga, na kufikia mwaka 1960 alikuwa ameshavuliwa Jinja, ndani ya Victoria. Baadaye waliongeza wengine kutoka Ziwa Turkana, lakini uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba ukoo mkubwa wa sangara wa Victoria ni wa Ziwa Albert.

Yaliyofuata huko yanajulikana dunia nzima. Samaki huyo aliongezeka kwa kasi, akawala furu wadogo ambao wataalamu wanakadiria kwamba aina zao zipatazo mia mbili zimetoweka, na tangu miaka ya 1980 minofu yake ikawa bidhaa ya kwenda Ulaya. Yameandikwa mengi juu yake: anakula nini, anakomaa kwa urefu gani, anazaa wapi. Karibu yote yaliandikwa kutoka Victoria, ugenini kwake. Hapa Ziwa Albert, alipo mwenyeji, ameishi enzi na enzi pamoja na tilapia, kambare, ngasia mwenye meno makali na dagaa wengi, wala hakuwamaliza. Amewezaje? Sioni swali la samaki linalotuhusu zaidi ya hilo katika mkoa wote wa Ituri, na mahali pa kulitafutia jibu ni Kasenyi, mwalo wa upande wa Kongo ambako pirogi hurudi ufukweni kila alfajiri.

Ziwa lenyewe linatusaidia. Lina urefu wa kilomita 160 hivi, lakini kina chake hakizidi mita 58 au karibu na hapo, wakati Tanganyika inashuka mita 1,470. Kusini, si mbali na Kasenyi, mto Semliki unaingia na tope lake na kujenga vinamasi vya mafunjo na matete. Juu zaidi mto huo una maporomoko ambayo kapitene hajaweza kuyapanda, ndiyo maana wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge kwenye Ziwa Edward, mto huo unakotoka, hawamvui. Upande wa kaskazini-mashariki maporomoko ya Murchison yanazuia njia ya Kyoga. Samaki wetu hawawezi kupanda mto wowote kati ya hiyo miwili, na baadhi yao wamekuwa wa hapa tu.

Mmoja wao ni ndugu mdogo wa kapitene, mwenye macho makubwa, anayekaa kwenye maji ya kina katikati ya ziwa. Wataalamu humwita Lates macrophthalmus. Hapatikani popote duniani isipokuwa Ziwa Albert, na hafikii kamwe ukubwa wa mwenzake. Mwalo wa Kasenyi ukimtazama kwa haraka utamwita kapitene mchanga. Hapo tatizo linaanza, kwa sababu afisa anayepima samaki kwa fimbo moja atamhesabu mzee huyu kuwa mtoto, na atamtia hatiani mvuvi ambaye hakuvua mtoto yeyote. Kinyume chake pia kinawezekana: makinda halisi ya kapitene yakapita sokoni kwa kisingizio kwamba ni hao wadogo. Bila mtu wa kuwatofautisha, sheria ya ukubwa wa samaki haina msingi.

Aliyewatofautisha kwa kitabu alikuwa Mwingereza, E. B. Worthington, aliyefanya uchunguzi wa uvuvi katika ziwa hili mwaka 1928 na kutoa ripoti mwaka uliofuata. Mwaka 1945 Mbelgiji Max Poll alimpa jina la kitaalamu dagaa ambaye ng'ambo ya Uganda huitwa muziri. Kati ya 1952 na 1954 msafara mwingine wa Wabelgiji ulizunguka maziwa ya Kivu, Edward na Albert ukipima maji, wadudu na samaki. Kazi hizo ni nzuri na ninaziheshimu. Lakini vielelezo vilisafirishwa London, Brussels na Tervuren, na Kasenyi ilibaki na mizani ya kuuzia tu. Wenzetu wa Uganda wana taasisi ya Jinja iliyoanza mwaka 1947. Hata ndani ya Kongo, Uvira ina kituo chake cha hidrobiolojia kinachosoma Tanganyika. Ufuko huu wetu hauna cha kulinganishwa na hivyo.

Najua jibu litakalotolewa: hapa kuna vita. Ni kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2018 maelfu kwa maelfu walivuka ziwa hili kwa pirogi kwenda Hoima, Uganda, wakikimbia mauaji, na tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi. Mtafiti hawezi kulala kwenye vinamasi vya Semliki akisubiri tilapia atage. Lakini sehemu kubwa ya kazi ninayoisemea haihitaji kwenda majini. Inafanyika ufukweni, asubuhi, samaki wanaposhushwa.

Waangalieni akina mama wanaopasua samaki Kasenyi na Tchomia kabla ya kuwatia chumvi au kuwabanika. Kila siku wanafungua matumbo mengi kuliko profesa yeyote. Wanajua ni miezi gani tilapia wanakuja na mayai, na lini matumbo ni matupu. Wanajua kapitene wa upande gani ana dagaa tumboni na wa upande gani ana uduvi. Chuo kikuu kingelipia fedha nyingi kupata taarifa hizo, nazo zinamwagwa pamoja na matumbo kwa sababu hakuna anayeziandika. Mpe mmoja wa mama hao daftari, ubao wa kupimia urefu na posho ya haki, na baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kalenda ya kuzaliana kwa samaki wa ufuko huu, iliyoandikwa na watu wa ufuko huu.

Wavuvi nao wanajua mazalio. Dume la tilapia huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga humo kisha huyachukua mayai na kuyalea mdomoni. Kokoro linaloburutwa hadi ufukweni linafukia viota na kumchukua mama na wanawe pamoja. Mzee wa uvuvi hahitaji kufundishwa hilo. Anaweza kukuonyesha kwa kidole ghuba ambako haifai kuburuta wavu. Ghuba hizo zinapaswa kuchorwa kwenye ramani kwa makubaliano ya wavuvi wenyewe, kabla mtu wa ofisini hajachora mstari wake kutoka Bunia.

Hapa kuna kikwazo ambacho wasomi hukidharau. Mvuvi wa Kasenyi anaogopa daftari. Katika maisha yake, aliyekuja na kalamu alikuja kutoza. Akiulizwa amevua kilo ngapi, atataja nusu, na mimi simlaumu. Kwa hiyo hesabu ya samaki itenganishwe kabisa na kodi: mtu mwingine, daftari lingine, na ahadi iliyotangazwa hadharani mbele ya kamati ya wavuvi kwamba takwimu hazitatumika kumdai mtu. Bila hivyo tutakusanya uongo na kuuita sayansi.

Takwimu za kweli zinahitajika pia kwa swali jingine. Ng'ambo ya Uganda, samaki wadogo, muziri na ragoge, wamekuwa sehemu kubwa ya mavuno, wakivuliwa usiku kwa taa. Je, ni kwa sababu wakubwa wamepungua, au kwa sababu taa na nyavu za macho madogo zimeongezeka? Jibu la kwanza linadai kumpumzisha kapitene. La pili linaruhusu kuendelea kuvua dagaa, ambao hukua na kuzaa upesi. Uganda ilichagua kutuma wanajeshi ziwani mwaka 2017, na pirogi na nyavu nyingi zikateketezwa. Mwaka 2018 wanajeshi wa nchi hizi mbili walipigana risasi kwenye Ziwa Edward. Mradi wa LEAF II, uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulijaribu kuzikutanisha nchi hizi mbili kuhusu maziwa ya Edward na Albert, na njia hiyo ni bora kuliko bunduki. Lakini mradi una tarehe ya kumalizika. Mwenyeji akikaa mezani bila takwimu zake, anasaini za jirani.

Jambo linalonikosesha usingizi ni mafuta. Kwenye ufuko wa Uganda uchimbaji wa visima vya Kingfisher ulianza Januari 2023, karibu kabisa na maji. Kwetu, mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, ukafutwa Oktoba 2024. Kufutwa si kuachwa. Vitalu vya bonde hili vimebaki kwenye ramani. Siku mafuta yatakapomwagika, kampuni itauliza: samaki walikuwa wangapi kabla? Mazalio yalikuwa wapi? Asiye na maandishi ya jana hatalipwa kesho, hata kama ziwa lote linanuka. Vivyo hivyo kuhusu maji yaliyopanda tangu mwaka 2020 na kuingia majumbani: nyasi zilizozama mara nyingi huwa mahali pazuri pa kulelea makinda, na huenda maafa yetu yamewapa samaki makao mapya. Tungelijua leo kama mtu angekuwa anahesabu.

Ninachoomba hakihitaji jengo la ghorofa. Kutoka Bunia kupitia Bogoro hadi Kasenyi ni safari ya asubuhi usalama ukiruhusu. Chuo Kikuu cha Bunia na chuo cha ualimu cha ISP Bunia vina wanafunzi wanaotafuta mada za kumalizia masomo kila mwaka. Wawili kati yao waelekezwe mwaloni, wakae miezi kumi na miwili mfululizo, kisha wawakabidhi wenzao wa mwaka unaofuata daftari, na nakala zibaki Kasenyi. Wizara ya mkoa inayohusika na uvuvi ilipe ubao, mizani na posho ya mama wapasuaji. Kamati ya wavuvi itoe wazee wa kuonyesha ghuba. Na wewe mzazi wa Tchomia au Kasenyi ambaye mwanao amefaulu baiolojia na unamshauri akasome sheria kwa sababu samaki hawana ajira, mwache asome samaki.