Udogo wa Chuma Si Udogo wa Sanaa

Wapo wasemao, na baadhi yao ni walimu wenzetu, kwamba Mswahili ni mtu wa ushairi tu, na kwamba sanaa ya kuchonga na kuunda kaachiwa Mmakonde. Sababu yao ni dini: kwa kuwa Uislamu umemzuia kuchonga sura za watu, basi hana sanamu, na vilivyobaki ni "mapambo". Neno hilo twalipinga.

Na tuitazame pwani ya Wabajuni, kuanzia Kisimayu, kupitia visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, hadi Faza katika kisiwa cha Pate. Katika karne ya 19 mji wa Siyu, jirani wa Faza, ulisifika kwa wanakili wa misahafu na kwa mafundi wa ngozi, mbao na madini pia. Basi chukua kifuko cha fedha cha hirizi, kile kinachoenea kiganjani. Juu yake fundi amenakshi majani yaliyosokotana. Chini ametundika vijinyororo vinavyolia mvaaji aendapo. Ndani mna karatasi yenye maandishi ambayo hakuna ayaonaye. Fedha, wino na karatasi vimefungwa kuwa kitu kimoja, na kiini cha maana yake ni kile kilichofichwa. Mwalimu awezaye kutumia kipindi kizima kufumbua ubeti mmoja, mbona ashindwe na fumbo hili?

Tena kitu kidogo hubebeka. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, na Wabajuni wengi wakakimbilia Kenya kwa mashua, mlango wa nakshi haukupakiwa. Kilichoweza kuokoka ni kile kilichoingia katika pindo la kanga. Apimaye sanaa kwa ukubwa huwahukumu watu hawa kuwa hawana urithi, eti kwa sababu walikimbia!

Asiyesadiki kwamba kipande kidogo cha chuma chaweza kusema, amwangalie Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1984. Yeye si Mbajuni, wala hafui hirizi. Huokota nyaya, vizibo na mabaki ya vyuma, akaunda miwani isiyomsaidia mtu kuona. Utotoni alitamani miwani. Baba yake alimkatalia, akamwambia ajiundie yake. Miwani hiyo, aliyoiita C-Stunners, imeonyeshwa Ulaya na Marekani, na huko watazamaji huuliza kila moja yasema nini. Kitu cha ukubwa uo huo kikitoka Siyu, sisi twauliza kina uzito gani wa fedha.

Madarasani mwetu kipini, majasi na kikuku huwekwa katika msamiati wa mavazi, na mwanafunzi huulizwa huvaliwa wapi. Twataka aulizwe vyasema nini, na nani alivifua, na kwa nini nakshi hii na si ile. Mwalimu mwenye bibi aliyehifadhi kikuku hahitaji safari ya makumbusho. Akiombe kwa adabu, akilete darasani, kisha akirudishe siku ile ile.