Tahadhari: Usilipie Kozi kwa Kuamini Jina Lake

Usajili ukifunguliwa katika vyuo vya jamii vya California, kozi mpya hunadiwa kila mahali: kwenye mabango, kwenye baruapepe, hadi kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Wewe uliyetoka Mombasa, Moshi au Bukavu kwa nia ya kusoma hapo miaka miwili kisha uhamie chuo kikuu, subiri kidogo. Kozi inaweza kuwa na mwalimu, chumba na ada, na bado isihesabike katika masomo ya jumla unayotakiwa kuyamaliza.

Tangu muhula wa vuli wa 2025, wanafunzi wapya wanaotaka kuhama hufuata utaratibu uitwao Cal-GETC, uliotokana na sheria AB 928 ya mwaka 2021. Unadai yuniti 34 katika maeneo sita, kuanzia uandishi wa Kiingereza na hisabati hadi sayansi yenye maabara. Zamani University of California na California State University kila moja ilikuwa na masharti yake. Kuunganishwa kwa njia hizo, kwa maoni yangu, ni heri tupu. Balaa liko kwenye foleni ya ukaguzi.

Chuo kikibuni kozi, huipitisha chenyewe kwanza, halafu huipeleka kwa wakaguzi wa vyuo vikuu, na nafasi hiyo huja mara moja kwa mwaka. Wakaguzi hawaingii darasani wala hawamjui mwalimu. Wanasoma muhtasari wa kozi tu: malengo, mada, kazi za kuandika, vitabu. Kozi ya kuhutubia ambayo muhtasari wake hauoneshi kwamba mwanafunzi atasimama kusema mbele ya wasikilizaji inaweza kukataliwa, hata mwalimu awe bingwa wa namna gani. Na ikikataliwa, chuo hakizuiwi kuendelea kuifundisha. Hapo ndipo mwanafunzi anapoumia.

Watu wetu hunaswa zaidi na eneo la sita. Hilo linahusu Wamarekani Weusi, Wenyeji Asilia wa Amerika, Walatino na Wamarekani wenye asili ya Asia. Kijana wa Tanga akiona kozi ya Historia ya Afrika anaona hiyo ndiyo yake, tena ataipata kwa urahisi. Inaweza kumfaa katika eneo lingine, lakini hapo haimtoshelezi. Hata kozi ya sosholojia inayozungumzia ubaguzi wa rangi mwanzo mwisho haipiti ikiwa haibebi msimbo wa idara inayofundisha masomo ya makundi hayo manne.

Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti, kwa hiyo kozi ya yuniti tatu ni dola 138. Mwenye viza ya mwanafunzi hulipa mara kadhaa ya hizo, na fedha hizo mara nyingi zimetoka kwa mjomba aliyeuza shamba. Juu ya fedha kuna muhula, ambao haurudishwi na mtu yeyote.

Basi fungua tovuti ya ASSIST kabla hujalipa. Chagua chuo chako, kisha orodha ya Cal-GETC ya mwaka uleule utakaosoma kozi hiyo. Tazama msimbo na namba ya kozi, maana majina hufanana. Idhini ina tarehe yake ya kuanza, na aliyeisoma kozi kabla ya tarehe hiyo asitegemee kuhesabiwa. Mshauri wa masomo akikwambia “iko njiani kupitishwa”, lichukue jibu hilo kuwa hapana. Vyuo navyo viandike wazi kwenye tangazo kwamba kozi bado inasubiri idhini. Kukaa kimya wakati mtu anatoa kadi ya benki ni kumdanganya.

Kama umeshajiandikisha, angalia leo. Kozi isipokuwemo kwenye orodha, iache kabla ya siku ya mwisho ya kurudishiwa ada. Kwa muhula wa kawaida siku hiyo hufika ndani ya wiki mbili za mwanzo.